Kazi ya utafiti ukiwa Kigoma: inajengeka, au nikubali ajira ya Dar?

KijanaWaMwandiga

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu, hasa mnaofanya utafiti mkiwa mikoani.

Nina masta ya sayansi ya viumbe wa majini. Tangu nimalize niko Kigoma kwa mkataba na mradi wa watafiti kutoka nje. Alfajiri nakuwa Kibirizi au Katonga mitumbwi inapoingia. Napima urefu na uzito wa dagaa na migebuka, namwuliza nahodha ametokea upande gani na aliwasha taa ngapi, jioni naingiza kila kitu kwenye kompyuta. Kazi naipenda kwa moyo wote. Ila mkataba unaisha Machi, na makala mbili zimeshatoka kwa takwimu hizi nilizozichukua mimi, jina langu liko kwenye shukrani tu. Mwenye boti hakutajwa kabisa.

Sasa kuna shirika limeniita Dar kwa kazi ya ufuatiliaji na tathmini ya miradi. Mshahara ni zaidi ya mara mbili ya huu. Mke wangu ni muuguzi, ameajiriwa serikalini huku huku, na tuna mtoto mdogo. Baba ananiambia utafiti ni kazi ya watu ambao tayari wameshiba.

Ninachotaka kujua: je, mtu anaweza kujenga maisha ya utafiti akiwa Kigoma, akachapisha, na bado akaipenda kazi baada ya miaka mingi? Wanaofanikiwa wanafanyaje siku kwa siku? Au nikimbilie PhD kwanza, mengine yatajipanga?

---

Mwalimu_Moro

Mkuu, nikwambie bila kuzunguka. Ukitaka kuongoza utafiti wako mwenyewe, PhD huikwepi. Mfadhili anaangalia kwanza anayeongoza andiko ni nani.

Angalia na GPA yako. Vyuo vyetu kumwajiri mtu upande wa taaluma vinataka 3.8 kwenda juu kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa masta. Kama unazo, anza sasa kuwaandikia wasimamizi wa PhD wa SUA, UDSM na chuo cha Nelson Mandela pale Arusha, na fuatilia ufadhili wa masomo wa DAAD, wa Ujerumani, kila unapotangazwa. Kama huna, mlango wako ni taasisi za utafiti, na huko pia kuna watu wamefika mbali.

Ila usidhani chuoni ndiko kwenye nafasi ya kutafiti. Nina darasa la mamia ya wanafunzi, mitihani ya kusahihisha na vikao visivyoisha. Kila ngazi, kutoka mhadhiri msaidizi hadi profesa, wanahesabu machapisho. Presha hiyo inawapeleka wenzetu wengi kwenye majarida ya kitapeli, yale yanayokutumia barua pepe ya kukumwagia sifa halafu yanadai dola. Usiyaguse. Majarida mengi makubwa yanawafutia au kuwapunguzia ada waandishi wa nchi kama yetu ukiomba, kwa hiyo umaskini si sababu.

---

MamaKatonga

Mwanangu, swali lako limenigusa kwa sababu mialo unayoitaja ndiyo mialo yangu. Maisha yangu yote ya kazi nimeyatumia kwenye uvuvi wa Ziwa Tanganyika, sijawahi kuhamia Dar, na naamka kila siku nikiwa na hamu ya kwenda kazini. Kwa hiyo inawezekana. Lakini haitawezekana kwa namna unavyoifanya sasa, na hapo ndipo nataka tuongee.

Ulivyojieleza, una kazi ya kukusanya takwimu lakini swali huna. Swali wanalo waliokuajiri. Wao wanaamka wakiwa na jambo linalowasumbua, wewe unaamka ukiwa na ubao wa kupimia. Ndiyo maana mkataba ukiisha unaona kila kitu kimeisha. Mwenye swali lake mkataba ukimwishia anahuzunika, analia kidogo, halafu anatafuta njia nyingine ya kulifuata.

Nikupe langu ulione. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470. Maji ya chini hayana oksijeni, na virutubisho vingi vimelala huko. Upepo wa kiangazi ndio unaosaidia kuvipandisha, mwani unastawi, vijidudu vinakula mwani, dagaa wanakula vijidudu, migebuka wanakula dagaa. Maji ya juu yakizidi kupata joto yanakuwa mepesi na hayachanganyiki vizuri na ya chini. Chakula kinapungua tangu mwanzo wa mnyororo. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba uzalishaji huo umeshuka kwa asilimia 20 hivi, wakakadiria kwamba mavuno ya samaki yanaweza kuwa yamepungua kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake, wakitumia matope yaliyotolewa sakafuni mwa ziwa, wakaonyesha kwamba samaki walianza kupungua hata kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza.

Haya, nenda Katonga kawaeleze wavuvi hivyo. Watakuuliza: kama ni joto, kwa nini mnatufungia ziwa sisi? Nenda ofisi yoyote ya serikali, watakwambia mitumbwi ni mingi mno na nyavu zina matundu madogo. Pande zote mbili zina kitu cha kweli. Swali langu linakaa katikati yao: dagaa wa hapa anapevuka akiwa na urefu gani, na urefu huo unabadilika vipi mwaka hadi mwaka? Basi. Napima, napasua, naangalia mayai, naandika. Swali dogo kiasi kwamba naweza kulifanya hata mwaka ambao hakuna mfadhili, kwa sababu linahitaji ubao, kisu, mizani, na wavuvi wanaoniamini. Lakini linagusa jambo kubwa, na watu wakubwa wanalihitaji.

Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, simu hazikukatika. Kila mmoja akitaka kujua kama dagaa wameongezeka ukubwa. Kuliko nini? Hapo ndipo utaona thamani ya mtu mwenye vipimo vya kabla. Huwezi kurudi mwaka juzi ukapime dagaa ambao wameshaliwa.

Umeuliza tunafanyaje siku kwa siku. Unajua wavuvi wa dagaa wanafuata giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika. Mimi ratiba yangu nimeifunga hapo hapo. Wakati wa giza niko mwaloni alfajiri, na sijidanganyi kwamba mchana nitaandika kitu cha maana. Nimechoka, nanuka samaki, nasafisha takwimu tu. Mbalamwezi ikifika nafunga mlango naandika. Asubuhi, kabla ya simu, kabla ya barua pepe, hadi saa nne. Sisubiri likizo wala mafunzo ya uandishi huko hotelini. Kila mwezi wa angani unanipa siku zake za kuandika, na siku hizo kikao hakinipati labda aniite mkurugenzi mwenyewe. Watu waliona naringa. Baadaye wakazoea. Nakushauri utafute mwendo wa namna hiyo unaotokana na kazi yenyewe, maana ratiba ya kuandika kila siku bila kukosa, kama wanavyoshauri wengine, mtu wa mialoni ataivunja wiki ya kwanza na kujiona mvivu bure.

Na takwimu zichore zikiwa bado mbichi. Giza likiisha tu, tengeneza grafu yake, andika chini yake sentensi tatu: nimeona nini, nadhani kwa nini, nitajuaje kama nimekosea. Makala zangu nyingi zilianza kwa sentensi hizo.

Sasa jambo la jina lako. Hili linanikera tangu nikiwa kijana, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Kaskazini yetu pale, mwendo wa boti kutoka Kibirizi, kuna hifadhi ya Gombe. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe mtu, alifika Julai 1960, na hadi amefariki Oktoba 2025 dunia nzima ilimjua. Lakini Mei 1975 wanafunzi wanne wa kigeni walitekwa pale na waasi waliovuka ziwa. Wageni wakaondolewa. Nani aliendelea kuwafuata sokwe mtu, akijua huyu ni nani, mama yake nani, leo amekula nini, amepigana na nani? Ni Watanzania, wengi wao vijana wa vijiji vya hapa hapa. Hata kabla ya hapo, Januari 1974, lile shambulio ambalo kundi moja la sokwe lilimvamia dume aitwaye Godi wa kundi jirani, shahidi wake alikuwa Hilali Matama, mtafiti wa uwandani. Shambulio hilo limeandikwa katika vitabu vya dunia nzima.

Mwaka 2009 Nature ikatoa makala kuhusu SIV, virusi vya ukoo mmoja na virusi vya UKIMWI. Kabla ya hapo wataalamu waliamini virusi hivyo havimdhuru sokwe anayeishi navyo. Gombe ikaonyesha kwamba wenye virusi wanakufa mapema zaidi kuliko wenzao. Ilijulikanaje? Kwa sampuli za kinyesi zilizookotwa msituni kwa uvumilivu, na kwa kumbukumbu za nani kazaliwa lini na nani kafa lini. Mwaka 1960 hakuna aliyejua virusi hivyo vipo. Daftari lilikuwa linasubiri swali ambalo halijazaliwa. Ndiyo kazi unayoifanya wewe kila alfajiri, na naomba usiidharau hata siku moja, hata baba akisema nini.

Lakini kutoidharau maana yake pia kudai haki yake. Mazungumzo ya nani atakuwa mwandishi hufanywa kabla boti haijaondoka, si makala ikishatumwa. Mimi sasa hivi mtu yeyote akija na mradi, kabla sijamwonyesha hata mwalo mmoja, tunaandikiana: nani anaandika makala ipi, nani wa kwanza, takwimu zitahifadhiwa wapi, na mimi nitazitumia kwa swali gani. Sijawahi kupoteza mshirika mzuri kwa kuuliza hivyo. Waliokasirika nilishukuru walikasirika mapema. Na kumbuka mgeni hapati kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, bila kuwa na mshirika wa ndani. Ushirika huo una uzito wake mezani, tuutumie.

La mwisho kwangu, kuridhika. Mshahara wangu ni wa serikali, sitakudanganya, nimejenga polepole sana. Kinachonishibisha ni kurudisha majibu. Kila ninapopata matokeo nayapeleka kwenye kikao cha BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, kwa Kiswahili, nimechora grafu kwenye karatasi kubwa. Mara moja mzee mmoja aliinuka akaweka kidole kwenye mwaka ambao mstari ulishuka ghafla, akasema mwaka huo upepo ulichelewa na migebuka walisogea karibu na ufukwe, yeye anakumbuka kwa sababu ndipo alipomwoza binti yake. Nikaenda kuangalia kumbukumbu za upepo za uwanja wa ndege. Zilikubaliana naye. Makala iliyofuata niliianzia hapo, na mzee huyo nilimtaja kwa ridhaa yake. Siku ile sikulala kwa furaha. Hizo ndizo siku zinazonifanya nibaki.

---

Unyanyembe_Miombo

Salaam kutoka Tabora. Mama Katonga amesema kweli, ila niongeze upande ambao naona ameupita haraka kwa kuwa yeye ana ajira ya kudumu.

Mimi niko kwenye utafiti wa miti na kilimo. Huku kwetu tumbaku ya mvuke inakaushwa kwa kuni, na kuni zinatoka misitu ya miombo. Miaka ya 1990 watafiti wa kituo cha kilimo cha Tumbi hapa Tabora pamoja na ICRAF, kituo cha kimataifa cha kilimo mseto, walifanya majaribio ya mashamba ya miti ya mzunguko: unapanda miti kama Acacia crassicarpa pamoja na mahindi, miti ikizidi kivuli unaiacha ikue, baada ya miaka minne au mitano unakata kuni, unalima tena pale pale. Kazi nzuri sana, na ndiyo iliyonifanya niingie fani hii.

Sasa fanya hesabu. Mfadhili anatoa fedha za miaka mitatu, mti unataka mitano. Mimi mfadhili mmoja aliondoka miti ikiwa imefika kifuani. Kilichoniokoa ni kwamba shamba lilikuwa la taasisi na mengine yalikuwa ya wakulima wenyewe, si ya mradi. Niliendelea kupima unene wa miti kwa tepu ya fundi cherehani na baiskeli yangu. Kama yale mashamba yangekuwa ya mradi, yangekwenda na gari la mradi.

Kwa hiyo, kaka, kabla ya kuuliza PhD wapi, uliza: daftari langu litakaa wapi mimi nisipokuwepo? Jishikize kwenye taasisi isiyofungwa mradi ukiisha. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wapo hapo hapo Kigoma. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, nao wana mradi wa kampasi Kigoma. Hata kama ni kujitolea siku mbili kwa wiki na barua ya utambulisho mkononi, ukiandika andiko lako unaandika kwa jina la mahali.

Na mke mwenye ajira ya kudumu Kigoma ni ufadhili, tena usio na ripoti ya robo mwaka. Mshukuru, mkae mezani muamue pamoja. Usije ukamwambia ameolewa na mtafiti, avumilie. Nimeona nyumba zikivunjika hivyo.

---

KijanaWaMwandiga

Shikamoo Mama Katonga. Shukrani sana kwenu nyote. Mke wangu nimemsomea majibu yote, na maneno ya kaka wa Tabora amenirudishia mara mbili.

Nimekaa na madaftari yangu. Kuna kitu nilikuwa nakiona nikakiacha kwa sababu hakikuwa kwenye fomu ya mradi. Nilipoanza, mitumbwi mingi ilikuwa bado na karabai. Sasa karibu yote ina taa za sola, na idadi ya taa kwa kila mtumbwi imepanda. Watafiti wa mradi wanahesabu mavuno kwa mtumbwi kwa usiku. Lakini kama taa zimebadilika, mtumbwi wa leo si sawa na mtumbwi wa mwanzo, hata kama ni ule ule. Je, hilo linaweza kuwa swali? Na nawaombaje ruhusa ya kutumia takwimu bila kuonekana sina shukrani?

GPA ya masta ninayo, Mwalimu.

---

MamaKatonga

Marahaba mwanangu. Ndiyo, hilo ni swali, na ni zuri kuliko unavyodhani. Mavuno kwa mtumbwi yakibaki pale pale huku taa zikiongezeka, maana yake nguvu ya kuvua imepanda na samaki hawajaongezeka. Mtu asiyehesabu taa ataandika kwamba hali ni shwari. Wewe umezihesabu tangu mwanzo kwa sababu ulimwuliza nahodha. Wakati wa mabadiliko yenyewe ulikuwepo mwaloni, na hutaupata tena.

Ongeza vitu viwili kuanzia giza hili: aina ya taa na mwanga wake, na saa walizowasha. Taa ya sola ikipungua chaji usiku wa manane hesabu yako inaharibika usipojua. Uliza na bei, maana karabai ilikuwa inakula mafuta, na mwenye chombo aliyeacha kununua mafuta huenda sasa anatoka usiku mwingi zaidi.

Barua pepe kwa mwenye mradi iwe fupi. Mshukuru, mwambie umeona jambo hili la taa, mwambie unataka kuliandika wewe ukiwa mwandishi wa kwanza na yeye akiwa msimamizi na mwandishi mwenza, ambatisha grafu moja, omba jibu la maandishi. Usimlalamikie kuhusu makala zilizopita katika barua hiyo. Hilo lina siku yake, na ukishakuwa na rasimu mkononi utaliongea ukiwa umesimama vizuri zaidi. Mtu mwema ataona grafu atafurahi. Rasimu hiyo hiyo ndiyo utakayowatumia wasimamizi ambao Mwalimu amekutajia. Anayeomba nafasi ya PhD akiwa na takwimu na swali lake anasomwa tofauti na anayeomba akiwa na cheti tu.

Kuhusu Dar, waulize kama wanaweza kukusubiri hadi mkataba wako uishe Machi. Kati ya sasa na hapo una mbalamwezi kadhaa za kuandika. Wakikataa, amua na mkeo, na uamuzi wowote mtakaoufanya sitaulaumu, nyumba inalishwa kwanza. Lakini usisaini kabla barua pepe haijajibiwa.

Na mwenye mradi akikataa kabisa, bado hujakwama. Takwimu za mialo zinakusanywa pia na halmashauri kupitia BMU. Zinaombwa kwa barua, ukiwa na utambulisho wa taasisi, kama alivyokwambia kaka wa Tabora. Kama hazina idadi ya taa, itabidi uanze kuhesabu upya wewe mwenyewe mwalo mmoja. Chagua Katonga, manahodha wengi pale wanakujua, na mzani mzuri utaazima kwangu.